Luis Enrique: Yanayosemwa Vijiweni na Yaliyotokea Kweli

Makocha ambao sifa zao hugawiwa watu wengine haraka kama Luis Enrique ni wachache. Barcelona ilipochukua mataji matatu chini yake mwaka 2015, sifa zilikwenda kwa Messi. Paris Saint-Germain ilipotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2025, zikaenda kwa fedha za Qatar, wamiliki wa klabu hiyo. Hispania aliyoifundisha ilipotolewa na Morocco kwenye Kombe la Dunia mwaka 2022, lawama zote zikawa zake. Naona hatendewi haki, na sehemu kubwa ya dhuluma hiyo inatokana na kusimulia mambo tofauti na yalivyotokea.

Dhana: Ni mtoto wa La Masia, shule ya soka ya vijana ya Barcelona

Alizaliwa Gijón, mji wa bandari kaskazini mwa Hispania, tarehe 8 Mei 1970, na akaanza kutamba katika klabu ya nyumbani, Sporting Gijón. Mwaka 1991 akachukuliwa na Real Madrid na kukaa huko miaka 5. Januari 1995, Madrid ilipoinyuka Barcelona 5-0, moja ya mabao hayo lilikuwa lake, na msimu huo akatwaa ubingwa wa ligi. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1996 akahamia Barcelona bila ada ya uhamisho. Kuvuka upande namna hiyo si jambo dogo, lakini alidumu misimu 8, akafunga mabao zaidi ya 100 na kuvaa kitambaa cha unahodha. Hata Pep Guardiola, kocha wa zamani wa Barcelona ambaye wengi humdhania kuwa mwalimu wake, ni mdogo wake kwa miezi michache, na walicheza timu moja. Mtindo wa Barcelona aliukuta ukubwani.

Kilichomtofautisha uwanjani ni kwamba hakuwa na namba moja, yaani nafasi moja ya kudumu. Alicheza mshambuliaji, kiungo, winga, hata beki wa pembeni. Wengi humkumbuka kwa pua iliyovunjwa na kiwiko cha beki Mauro Tassotti kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia 1994 dhidi ya Italia. Mimi naona hilo la kutokuwa na namba lina uzito zaidi, maana ndilo linaloeleza timu anazozijenga leo.

Dhana: Messi, Suárez na Neymar walishinda wenyewe, kocha alikuwa mtazamaji

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na inaonekana ya kweli kwa sababu watatu hao walifunga mabao 122 msimu wa 2014/15. Lakini tuanze na msimu uliotangulia. Messi alikuwepo, Neymar alikuwepo, Xavi na Iniesta walikuwepo, na Barcelona haikutwaa ligi, wala Kombe la Mfalme, wala Ligi ya Mabingwa. Luis Enrique alipofika, Suárez alikuwa amefungiwa kwa kumng'ata Chiellini, beki wa Italia, na hakucheza mechi ya mashindano hadi mwisho wa Oktoba. Januari 2015, Barcelona ilifungwa 1-0 na Real Sociedad huku Messi na Neymar wakianzia benchi. Siku iliyofuata mkurugenzi wa michezo, Andoni Zubizarreta, akafukuzwa kazi, na magazeti yakaandika kwamba kocha ndiye atakayefuata.

Miezi mitano baadaye walikuwa Berlin wakiifunga Juventus 3-1 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Messi alikuwa akianzia upande wa kulia, Suárez katikati, na timu ilikuwa imejifunza kushambulia kwa kasi mara tu inaponyang'anya mpira, badala ya kupiga pasi za upande hadi mpinzani ajipange. Kona na mipira ya adhabu, ambayo Barcelona iliipuuza kwa miaka, ilifanyiwa kazi na msaidizi wake Juan Carlos Unzué. Na tuitazame safu ya ulinzi: mabao 21 tu yaliingia katika mechi 38 za ligi. Hayo hayakuzuiwa na washambuliaji watatu.

Tukubali pia upande wa pili. Watatu walewale, chini ya kocha yuleyule, walitolewa Ulaya na Atlético Madrid mwaka 2016 na Juventus mwaka 2017, na msimu wake wa mwisho uliisha na Kombe la Mfalme peke yake kati ya mataji makubwa. Kama vipaji vyao pekee vingetosha, vingetosha na miaka hiyo.

Dhana: Aliikimbia Hispania, kisha akarudi kumnyang'anya msaidizi wake kazi

Juni 2019 alijiuzulu ukocha wa timu ya taifa ya Hispania kwa sababu binti yake, Xana, alikuwa mgonjwa wa saratani ya mifupa. Mtoto huyo alifariki Agosti mwaka huo akiwa na miaka 9. Novemba Luis Enrique akarudi kazini, na msaidizi wake Robert Moreno aliyeshikilia nafasi akaondoka. Walitofautiana, kweli, na wala si kwa siri. Lakini kumwita baba aliyekwenda kumuuguza mwanawe mtoro ni kukosa utu, na inaniuma kila ninapoisikia ikirudiwa.

Dhana: Morocco ilishinda kwa bahati

Huku kwetu mechi ile ya tarehe 6 Desemba 2022 inakumbukwa kwa furaha ya Afrika nzima, na hapa wanaomkosoa Luis Enrique wana hoja. Hispania ilipiga pasi zaidi ya 1,000 ndani ya dakika 120 bila bao. Kwenye penalti, Sarabia aligonga mwamba, Soler na Busquets wakadakwa na kipa Bono, na Hakimi akamaliza kwa mkwaju wa kudokoa katikati. Walid Regragui, kocha wa Morocco wakati huo, aliziba katikati ya uwanja na kuwaachia Wahispania pembeni wasikoweza kuumiza, na Luis Enrique hakuwa na jibu. Bahati haihusiki. Alishindwa kimbinu, na siku mbili baadaye hakuwa tena kocha wa taifa.

Makosa ya watu ni kuichukua jioni ile kuwa kipimo chake chote. Timu hiyohiyo ilikuwa imefika nusu fainali ya Euro mwaka 2021 na kutolewa na Italia kwa penalti, na Pedri na Gavi waliingia timu ya taifa mikononi mwake wakiwa bado vijana wadogo.

Dhana: PSG ilinunua kombe

Fedha zilikuwepo, na nyingi. Doué, João Neves na Kvaratskhelia hawakuja bure. Lakini PSG ilinunua kombe hilo kwa zaidi ya miaka kumi bila kulipata. Ilitoa euro milioni 222 kwa Neymar peke yake, ikamwongeza Mbappé, ikamwongeza Messi, na ikaishia kutolewa. Mwaka 2024 Mbappé aliondoka baada ya msimu wa mabao 44. Wengi walitabiri kuporomoka. Kwenye ligi PSG ilipanda kutoka mabao 81 hadi 92.

Njia haikuwa laini. Oktoba 2024 Dembélé aliachwa nje ya kikosi kilichokwenda kucheza na Arsenal, timu ikafungwa. Ilimaliza hatua ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa katika nafasi ya 15. Msimu huohuo Dembélé akahamishiwa katikati kama mshambuliaji anayeshuka nyuma na kumkimbiza kipa wa wapinzani bila kuchoka, na mwaka 2025 akabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Winga aliyezoeleka kwa majeraha na mashuti yasiyolenga goli akawa mtu wa kwanza kukaba.

Fainali ya Munich, tarehe 31 Mei 2025, iliisha 5-0 dhidi ya Inter, tofauti kubwa kuliko fainali yoyote ya shindano hilo. Litazame bao la kwanza, dakika ya 12. Kiungo Vitinha anapenyeza, winga Doué yuko ndani ya boksi, na anayemalizia mbele ya goli ni Hakimi, beki wa kulia. Kila mmoja yuko mahali ambapo namba yake ya mgongoni haimruhusu. Ukiwa unamjua yule kijana wa Gijón aliyecheza kila sehemu ya uwanja, bao lile halikushangazi.