Kwa Nini Mtoto Anayekumbushwa Kila Siku Bado Husahau Daftari?

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, gari la shule limeshapiga honi mara mbili barabarani, na mtoto wa Darasa la Nne amesimama mlangoni akiwa na kiatu kimoja mguuni huku mama akiinua mito ya kochi kutafuta daftari la Hisabati. Daftari linapatikana chini ya meza ya televisheni, rula ikiwa imebanwa katikati yake, na kazi ya nyumbani imeishia swali la tatu. Jana jioni mama alikuwa ameuliza, kama alivyouliza juzi na siku iliyotangulia juzi, iwapo vitu vya shule vimepangwa. Mtoto aliitika, "Ndiyo, mama," wala hakukusudia kudanganya, kwa maana wakati ule aliamini kabisa kwamba atavipanga. Jambo hili huitwa uvivu katika nyumba nyingi, na wakati mwingine huitwa utundu, ilhali linaelezeka vizuri zaidi tukitazama jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi.

Kukumbuka kwamba saba mara nane ni hamsini na sita ni kazi moja, na kukumbuka kutia daftari begini kabla ya kulala ni kazi nyingine kabisa. Katika ile ya kwanza kuna mtu anayeuliza, na swali lenyewe huvuta jibu. Katika ya pili hakuna anayeuliza, bali akili inatakiwa ijizindue yenyewe katikati ya jambo jingine, pengine katikati ya katuni au mchezo wa mpira uani. Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Marekani Gilles Einstein na Mark McDaniel walitofautisha kumbukumbu hii ya mambo yanayongoja kufanywa katika aina mbili: ile inayoamshwa na tukio, kama vile kumwona mwalimu ukakumbuka kwamba una barua ya kumpa, na ile inayotegemea saa, kama vile kuzima jiko baada ya dakika ishirini. Aina ya pili huwa nzito zaidi, kwa sababu hakuna kinachomgutusha mtu, naye hulazimika kuufuatilia wakati mwenyewe. Kwa mtoto mzigo huo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo husaidia kupanga mambo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu anapovuka umri wa miaka ishirini.

Sasa tumrudie yule mama. Kila jioni sauti yake ndiyo tukio linaloamsha kumbukumbu ya mtoto, na kwa kuwa imekuwa hivyo kwa miezi, mtoto amejifunza kuingoja. Kwa hiyo si kweli kwamba hana mazoea, kwani anayo tena yamekita mizizi: mazoea ya kuanza kazi sauti ya mama inapopanda mara ya tatu. Mama akichelewa kazini au akisafiri kwenda msibani, ile ishara inaondoka naye, na kazi haifanyiki. Hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea kwa nia njema kabisa, kwa sababu tukiona mtoto amesahau tunaongeza vikumbusho, na kila tunapoviongeza tunazidi kumwondolea sababu ya kukumbuka mwenyewe.

Linalohitajika ni kuihamisha ishara kutoka kwenye kinywa cha mzazi na kuipachika kwenye jambo ambalo hutokea kila siku hata mzazi asipokuwepo. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu anayeamua mapema ni wakati gani hasa na mahali gani atafanya jambo hulitekeleza mara nyingi zaidi kuliko yule mwenye nia tu ya kulifanya. Kiswahili kimetupa chombo tayari kwa kazi hii, nacho ni kile kitenzi chenye "nikisha". "Nitasoma jioni" ni ahadi isiyo na mahali pa kushika, kwa kuwa jioni ni ndefu na ina mambo mengi, lakini "nikishavua sare na kula, nitatandika mkeka na kutoa daftari zote begini" ni kauli inayojua inaanzia wapi. Ni vizuri mtoto aitunge na kuitamka mwenyewe, na kitendo anachokitaja kama mwanzo kiwe kile ambacho hakiwezi kurukwa, kama kuvua sare, kuoga au kurudi kutoka swala ya magharibi. Nyumba isiyo na meza ya kusomea haipungukiwi kitu katika hili, kwa sababu pembe moja ya mkeka, ikiwa ni ileile kila siku, inatosha kabisa kuwa ishara. Kwa upande wa begi, mahali pake pawe pamoja tu, karibu na mlango, na lifungwe usiku kazi inapokwisha, maana akili ya alfajiri ina usingizi na haraka.

Je, inachukua muda gani? Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, watu wazima 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kufanya kila siku baada ya tukio lilelile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa, wakafuatiliwa kwa wiki 12. Muda wa kawaida uliohitajika hadi jambo lianze kujifanya lenyewe ulikadiriwa kuwa siku 66, ingawa tofauti ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Hao walikuwa watu wazima, kwa hiyo mzazi asimhesabie mwanawe siku kwa kalenda hiyo. Ila jambo moja katika matokeo yale linanigusa kila ninapolifikiria: kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Mtoto aliyefanya vizuri siku tisa akasahau ya kumi hajarudi mwanzo, na kumwambia kwamba ameharibu kila kitu ni kumwambia lisilo kweli.

Akishaketi mkekani, lipo pia suala la anachokifanya pale, kwani mtoto anaweza kukaa saa nzima akipitisha macho kwenye daftari na kuinuka mtupu. Wenzetu wa mwambao wanaujua utaratibu wa chuo cha Kurani, ambapo mwanafunzi humsomea mwalimu somo la jana kwa ghibu kabla hajapewa jipya. Huko ndiko kudurusu, neno lenye asili moja na darasa, nalo ni zaidi ya kusoma tena. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo linalofanana na hilo kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani: baadhi walisoma kifungu mara mbili, na wengine walikisoma mara moja kisha wakaandika walichokikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, na wale waliojitahini walikumbuka asilimia 56. Mtoto afunge daftari la Sayansi, amweleze bibi yake sehemu za ua, kisha alifungue aone alichokiacha. Dakika kumi za namna hiyo, zikirudiwa keshokutwa, humfaa kuliko saa nzima ya kukodolea macho.

Kazi ya mzazi ndani ya wiki hizo ni kupungua kidogo kidogo. Mwanzoni akae mkekani pamoja naye, baadaye awe jikoni karibu, kisha aulize mara moja tu, na swali lenyewe libadilike: badala ya "Umeweka daftari?" aulize "Ukishakula unafanya nini?", ili jibu litoke kwa mtoto. Likizo ya Juni itakapofika sare haitavuliwa kwa kuwa haitavaliwa, na ishara iliyofungwa kwenye sare itanyamaza kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo jioni ya kuamkia siku ya kufungua shule, mkeka utandikwe pembe ileile, begi lirudi karibu na mlango, na mtoto aitamke tena ile "nikisha" yake.