Kenya ikifaidika na soko la dunia, ni Mkenya gani aliyefaidika?

Katika mtaa wa Obunga, Kisumu, akina mama hukaanga mgongo wazi: kichwa, mifupa na mkia wa mbuta (sangara), yaani kinachobaki baada ya kiwanda kutoa mnofu. Mnofu wenyewe hugandishwa, hufungwa na kusafirishwa ng'ambo, hasa Ulaya. Biashara ya mgongo wazi imelisha na kusomesha watoto wengi, nami naiheshimu. Hata hivyo inafaa tujue ilivyoanza, kwa sababu hakuna kitu Kisumu kinachoeleza utandawazi wa kiuchumi vizuri kuliko samaki huyu.

Utandawazi wa kiuchumi ni hali ya bidhaa, mitaji, teknolojia na wafanyakazi kuvuka mipaka kwa wepesi, kiasi kwamba bei ya kitu hapa kwetu inapangwa na mambo yanayotokea mbali. Si jambo geni. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo mazao ya bonde la ziwa yamekuwa yakienda baharini. Kilichobadilika ni kasi na upana wake.

Mbuta hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka mno miaka ya 1980, akala aina nyingi za samaki wadogo wa asili hadi nyingine zikatoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu, na pia Uganda na Tanzania. Kabla ya viwanda, waliokuwa wakinunua samaki ufuoni ni akina mama, wakawabanika na kuwapeleka masoko ya bara. Ghafla wakaja mawakala wenye malori ya barafu na pesa taslimu. Bei ikapanda. Mwenye mtumbwi akanunua nyavu mpya, mashine ya boti, akaezeka nyumba mabati. Mama mchuuzi naye akashindwa kununua samaki mzima. Akabaki na mifupa.

Mvuvi na mchuuzi huyo waliishi kijiji kimoja, pengine boma moja. Soko lile lile la Ulaya lilimwinua mmoja na kumshusha mwingine. Hilo ndilo ninalotaka kila msomaji alishike: faida na hasara za utandawazi mara nyingi haziangukii mtu mmoja. Takwimu za taifa hujumlisha faida ya huyu na hasara ya yule, kisha hutuambia nchi imepata. Huenda imepata kweli. Lakini aliyepoteza hakulipwa chochote kutoka kwa aliyepata, na hapo ndipo serikali na sisi wananchi tuna kazi ya kufanya.

Kutegemea mnunuzi wa mbali kuna hatari yake pia. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, baada ya habari kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu. Kenya ilikaa nje ya soko hilo zaidi ya mwaka mmoja, na waliokuwa wakivua kwa njia halali wakaumia pamoja na wahalifu. Ajabu ni kwamba adhabu hiyo ilituachia mema. Serikali ililazimika kukaza ukaguzi, maabara zikaboreshwa, na mafunzo ya usafi yakawafikia wavuvi. Usafi huo ulipaswa kuwa haki ya mlaji wa Kisumu kabla ya kuwa sharti la mlaji wa Madrid. Inaniuma kwamba tulingoja mgeni autake.

Leo mbuta amepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, na viwanda kadhaa vimefunga kwa kukosa samaki. Wakati huohuo kifuko cha hewa cha samaki huyo, ambacho wafanyabiashara hukiita bondo, kinatafutwa sana China na bei yake kwa kilo inapita ya mnofu kwa mbali. Na kutoka China huja meli zenye samaki waliogandishwa, wa jamii ya ngege (tilapia), wanaouzwa hata kandokando ya ziwa letu. Mwaka 2018 jambo hili lilizua mjadala mkali hadi Rais Uhuru Kenyatta akazungumzia kuwazuia. Wavuvi na wafugaji wa samaki kwenye vizimba walishangilia, na nawaelewa: chakula cha samaki ni ghali, na bei ya samaki wa China haiwaachii nafasi. Lakini ziwa letu halitoshelezi mahitaji ya Kenya. Wapo akina mama sokoni wanaoishi kwa kuuza samaki hao wa katoni, na zipo familia ambazo bila wao zisingeonja samaki kwa wiki nzima. Kuwazuia bila kwanza kupunguza gharama ya chakula cha vizimba kungemwongezea maskini bei tu.

Nguo zina habari kama hiyo. Soko la Kibuye hujaa mitumba, na mzazi mwenye watoto wanne anajua thamani yake. Kicomi, kiwanda cha nguo kilichokuwa fahari ya Kisumu, kilifungwa miaka ya 1990 baada ya milango ya uagizaji kufunguliwa. Mitumba haikuwa sababu pekee. Usimamizi ulikuwa mbovu, na wakulima wa pamba wa Nyanza na Busia walikuwa wakicheleweshewa malipo hadi wakang'oa pamba na kupanda mahindi.

Kwenye sukari nitakaa kidogo, kwa sababu maelfu ya familia kutoka Muhoroni hadi Mumias zinaitegemea, na kwa sababu hapa lawama tunazielekeza kwa wageni haraka mno. Kenya iliingia katika eneo huria la biashara la COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Sukari ya Malawi, Zambia au Misri hutengenezwa kwa gharama ndogo kuliko yetu, hivyo kuanzia mwaka 2002 tulipewa kinga: kiwango cha sukari kinachoingia bila ushuru kikawekewa mpaka ili tupate muda wa kujirekebisha. Muda huo uliongezwa tena na tena. Mkulima wa miwa aliambiwa analindwa, lakini mashamba yaliendelea kutegemea mvua, miwa ikakaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi, mitambo ikachakaa na madeni yakalundikana. Mwaka 2019 Mumias, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote, iliwekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyoidai. Mnywaji chai alilipia kinga hiyo kila aliponunua kilo ya sukari, na mkulima hakulipwa miwa yake. Kinga ya namna hiyo haimsaidii mtu.

Kuna nyumba ambamo faida na hasara hukaa meza moja. Mkulima wa majani chai wa Vihiga huuza kupitia mnada wa Mombasa, ambako bei ni kwa dola. Januari 2024 dola ilipofika takriban shilingi 160, chai yake ilileta shilingi nyingi zaidi, huku petroli na mbolea zikimgharimu zaidi. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, na mkulima huyo hakuwa na ugomvi na mtu yeyote huko.

Pesa zinazotumwa na ndugu zetu walio ng'ambo, takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, ni miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya fedha za kigeni nchini. Zinajenga nyumba Siaya na kulipa karo Kakamega. Muuguzi aliyezituma, hata hivyo, hayupo tena katika wadi zetu.

Sasa tuna mkataba mwingine wa biashara. Ule wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Maua ya Naivasha, chai na samaki wetu wanaingia huko bila ushuru, nasi tutafungulia bidhaa zao soko letu hatua kwa hatua katika miaka 25, isipokuwa zile zilizoachwa nje kwa ajili ya kulinda wakulima na viwanda vyetu. Wanaopata wataonekana mapema. Watakaopoteza, huenda fundi wa jua kali pale Kisumu au mwenye kiwanda kidogo cha maziwa, wataonekana polepole, mmoja mmoja, bila kelele. Ndiyo maana inabidi wahesabiwe tangu sasa.

Sheria ya mwaka 2012 kuhusu kutia saini na kuidhinisha mikataba inataka wananchi washirikishwe kabla Bunge halijaidhinisha. Wenye kampuni kubwa hupeleka mawakili. Chama cha wavuvi, kikundi cha wachuuzi au ushirika wa wakulima wa miwa unaweza kupeleka waraka wa kurasa mbili: mnauza nini, mnanunua wapi malighafi, gharama ni ngapi, na bei ikishuka kwa robo mtabaki na nini. Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge kwa mujibu wa Ibara ya 120 ya Katiba, kwa hiyo andikeni kwa Kiswahili. Na Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni hata kama hakuna tangazo la kuomba maoni lililotolewa, hata baada ya mkataba kuanza kutumika.