Askari karudi, usingizi haujarudi: maswali mnayoniuliza hapa Tanga

Mimi ni muuguzi. Maswali haya huletwa na wake na mama za wanajeshi, kwa sauti ya chini, mlango ukishafungwa.

Kiwewe cha vita ni nini?
Ni ugonjwa wa akili unaoweza kumpata aliyekiona kifo kwa karibu. Huota yaleyale, hukwepa kuyazungumza, hushtuka, huwaka hasira. Dalili zikizidi mwezi na maisha yakakwama, ni ugonjwa, siyo tabia.

Si walikwenda kulinda amani tu?
Julai 2013 walinda amani wetu 7 waliuawa Darfur, nchini Sudan. Desemba 2017 kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa, tukapoteza vijana wasiopungua 14. Waliokuwa kando yao ndio waliorudi majumbani kwenu.

Huyu hana jini kweli?
Hana. Dada mmoja alinieleza kuwa mumewe analala sakafuni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Siku tairi la bajaji lilipopasuka nje, alimvuta mtoto uvunguni akamlalia asimwachie. Ndugu wakazunguka na mume huyo kwa waganga miezi minane. Nilipompokea alikuwa na makovu ya kamba kwenye mikono yote miwili. Ndugu zangu, mtu aliyeponea risasi anakuja kufungwa kamba na watu wake! Dua msomeeni, sikatazi, lakini mleteni hospitali wiki hiyohiyo.

Tukimpa muda, si atazoea?
Hapana. Mwezi umepita, mleteni.

Amekataa kuja, anasema yeye si kichaa.
Mwambieni anakuja kwa ajili ya usingizi. Hilo halimwaibishi, na ni kweli. Msisubiri akubali jina la ugonjwa. Mleteni.

Vidonge vya usingizi vya duka la dawa je?
Acheni. Diazepamu hujenga uraibu, na ikikutana na pombe inaweza kukata pumzi.

Hospitali zenyewe ziko tayari?
Bado, na inaniuma. Wataalamu ni wachache. Askari anakuja analalamika kichwa, anaondoka na panado, hakuna aliyemuuliza alitokea wapi. Hilo ni kosa letu sisi wahudumu. Hata hivyo msiseme hakuna pa kwenda. Anzeni zahanati, muombe rufaa ya Bombo, hospitali yetu ya mkoa. Hospitali ya Lutindi, kule Korogwe, wanauguza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100. Tiba ni mazungumzo na mtaalamu kwa wiki kadhaa, pengine na dawa kama fluoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Msiikatishe siku ya tano mkasema imeshindwa.

Amesema ni bora angefia kule.
Hapo hakuna cha kesho. Ondoeni panga, sumu ya panya na vidonge vyote, asiachwe peke yake hata chooni, na mumlete usiku huohuo, hata kwa bodaboda, mmoja wenu akiwa amemshika nyuma.