Rufaa ya Nidhamu Si Barua ya Kuomba Radhi

Katika mabaraza ya manispaa ya Unguja na mabaraza ya miji ya Pemba, wapo wafanyakazi wanaodhani rufaa ni kwenda kulia mbele ya wakubwa, kesi isikilizwe upya. Sivyo. Chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya Zanzibar, Namba 2 ya 2011, nidhamu ni jambo la maandishi. Chombo cha rufaa husoma jalada: hati ya tuhuma, utetezi, ripoti ya uchunguzi, barua ya adhabu. Kinatafuta kasoro. Tuhuma zilieleweka? Mtuhumiwa alipewa nafasi ya kujitetea? Aliyemshitaki ndiye aliyemhukumu? Adhabu inalingana na kosa?

Andika hoja moja moja, kila moja ikitaja waraka na tarehe yake. “Nina watoto wanaosoma” huenda ikapunguza adhabu, lakini haifuti kosa.

Wengi huanguka kwenye muda wa kukata rufaa: humzungukia diwani huku siku zinakatika. Diwani si njia ya rufaa. Peleka barua masjala, ofisi inayopokea na kutunza barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila huo, ukiambiwa umechelewa utathibitisha vipi?

Na uamuzi ukivunjwa kwa kasoro ya utaratibu tu, usishangilie mapema: shauri huweza kuanzishwa tena.