Uchunguzi wa awali wa saratani: kipimo cha mtu asiyeumwa

Muulize mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki pale Makole, Dodoma, mtoto mgongoni, kama amewahi kupima saratani ya mlango wa kizazi. Mara nyingi atakujibu: "Mbona siumwi?" Basi huyo ndiye hasa anayetafutwa. Uchunguzi wa awali ni kipimo cha mtu anayejiona mzima, asiye na dalili yoyote. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au aliyekoma hedhi kisha damu ikarudi, huyo si wa kusubiri siku ya kampeni. Ni mgonjwa anayetakiwa kumwona daktari sasa hivi, hata kama alipima mwaka jana akaambiwa yuko salama.

Tunaposema kugundua mapema, wengi wanaelewa kuikuta saratani ikiwa bado changa. Ni kweli, na mgonjwa wa hatua ya kwanza ana nafasi kubwa ya kupona kuliko wa hatua ya nne. Lakini kuna mapema zaidi ya hapo: kuzikuta chembe zilizoanza kubadilika kabla hazijawa saratani. Mkulima wa zabibu wa Hombolo hufunua majani kutafuta ukungu wakati mashada bado yanapendeza machoni. Akingoja zabibu zioze, hana cha kuokoa.

Mlango wa kizazi unatupa nafasi hiyo kwa sababu saratani yake haina haraka. Karibu zote huanzia kwenye virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Wengi wetu hukutana navyo na mwili ukavifukuza wenyewe, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kunyoshewa kidole. Kwa wachache virusi hung'ang'ania. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kutoka hapo hadi saratani kamili huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU bila kutumia dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, ndiyo maana wanaohudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, huanza kupimwa mapema, tangu miaka 25, na hurudi mara nyingi zaidi. Wengine Shirika la Afya Duniani linawashauri waanze wakiwa na miaka 30.

Kipimo chenyewe kinatisha kwa kusimuliwa kuliko kwa kufanyiwa. Unalala kitandani, muuguzi anaingiza kifaa cha kufungulia njia, anaumulika mlango wa kizazi kwa taa. Anachovya pamba kwenye siki, ya ukali ule ule wa siki ya kachumbari, anapaka, kisha anasubiri kama dakika moja. Penye chembe zilizobadilika pana tabia ya kugeuka peupe. Asipoona weupe, unavaa, unaandikiwa tarehe ya kurudi baada ya miaka mitatu, unakwenda zako sokoni.

Akiuona, bado hajakwambia una saratani. Hapa ndipo watu wanapoponyokwa na moyo, na nadhani hata sisi tunaohamasisha hatulisemi kwa sauti ya kutosha. Mara nyingi ni mabadiliko ya awali tu, na yanaweza kuondolewa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa kuunguzwa kidogo kwa joto, bila kulazwa. Palipo na wasiwasi zaidi huchukuliwa kinyama kikapimwe maabara. Na kuna wakati weupe unatokana na michubuko au maambukizi ya kawaida, maana hakuna kipimo kisichokosea.

Sasa linganisha na anayechelewa. Kwa miaka mingi, mtu wa kanda ya kati akiambiwa anahitaji mionzi alijua safari ni hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, si ya siku moja. Kuna nauli, kuna pa kulala, kuna ndugu wa kumsindikiza, na huko Kongwa au Bahi kuna mbuzi wanaouzwa na shamba linalokosa mpalilizi. Dakika chache za siki zinaepusha yote hayo.

Si kila saratani inachunguzwika hivi. Ya matiti ina picha ya mionzi, mashine isiyopatikana kila wilaya, kwa hiyo kwa wengi kinga kubwa ni kutopuuza uvimbe: ukiuhisi, nenda ukapimwe wiki hiyo, usianze na dawa za kupaka. Tezi dume nayo imezungukwa na utani wa vijiweni kuhusu daktari kupima kwa kidole, ilhali siku hizi kinachoanza mara nyingi ni kipimo cha damu. Hicho nacho kina mjadala wake, kwani hunasa hata saratani za polepole ambazo zisingemdhuru mzee, kwa hiyo mwanaume azungumze na daktari kwanza, hasa kama baba au kaka yake aliugua.

Kwa mabinti kuna chanjo ya HPV. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 dozi moja inatosha kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haizuii aina zote za virusi hivyo, kwa hiyo aliyechanjwa naye akifika umri wa kupima anapanda kitanda kile kile. Na mama yake asiseme chanjo ya binti imemaliza kazi: yeye hakuipata.