Tyubu ya Mkorogo ni Homoni, si Kipodozi

Tangu kampeni ya ukaguzi wa saluni na maduka ya vipodozi ianze, tunaulizwa swali lile lile kuhusu tyubu ya klobetasoli, krimu inayotiwa kwenye mkorogo wa kung'arisha ngozi: "Mbona famasi wanaiuza, kosa liko wapi?" Kosa liko kwenye matumizi. Klobetasoli ni dawa ya magonjwa ya ngozi. Hutolewa kwa cheti cha daktari, hupakwa sehemu yenye ugonjwa, kwa muda usiozidi wiki 2 mfululizo na si zaidi ya gramu 50 kwa wiki. Kuikoroga na losheni na kujipaka mwili mzima, mwaka mzima, hakuna daktari aliyekuandikia.

Dawa hiyo ni ndugu mkali wa kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Ikizidi, seli zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa tishu unganishi uimara, hupunguza kazi. Mwanzoni ngozi hulainika na kung'aa, na hapo ndipo sifa za saluni zinapoishia. Baadaye mishipa huonekana mashavuni, mkono ukigonga meza kidogo damu huvilia, na michirizi mipana hutokea mapajani na kwapani. Michirizi hiyo haifutiki. Wapo wajawazito wanaopaka tyubu hizi eti kuzuia michirizi! Wanaiongeza. Siku ya upasuaji, daktari anashona ngozi inayochanika chini ya uzi, na kidonda kinachelewa kufunga.

Kwa waliokoma hedhi hasara ni maradufu. Estrojeni, homoni ya kike, ndiyo iliyokuwa ikichochea kolajeni; ikishuka, ngozi inaweza kupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Hayo ni maumbile. Mkorogo ni hiari.

Ukiwa umetumia kwa miezi mingi, usiache ghafla bila ushauri. Huenda mwili umepunguza kutengeneza kotisoli yake. Nenda hospitali na useme ukweli wote.

Kuhusu malalamiko, tafadhali tuelewane. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inashughulikia dawa na vifaa tiba. Tyubu ya klobetasoli iliyouzwa bila cheti ni suala la TMDA. Losheni iliyotiwa klobetasoli kwa siri ni suala la TBS. Kwa madhara mwilini, mtumishi wa afya atakujazia fomu ya njano, ile ya kuripoti madhara ya dawa. Mkaguzi akifika dukani huchukua sampuli, huorodhesha mzigo, huufunga kwa lakiri na kusubiri majibu ya maabara. Ikithibitika ni bidhaa iliyopigwa marufuku, mzigo huteketezwa kwa gharama za mwenye mali, na hatua nyingine za kisheria hufuata. Kusema "niliuziwa hivyo hivyo Kariakoo" si utetezi.

Anayelalamika alete tyubu yenyewe, hata kama imeisha, pamoja na boksi lenye namba ya toleo na risiti kama ipo. Picha ya simu iliyokata nusu ya maandishi haitusaidii.