Kichomeo Kinapopata Moto Kupita Kiasi: Tazama Mdomo Wake Kabla ya Kupunguza Gesi

Fundi wa shanga za kioo anapogusa shingo ya kichomeo chake, yaani chombo cha gesi kinachotoa moto wa kuyeyushia kioo, na kukuta imepata moto kiasi cha kutoshikika, mkono wake karibu kila mara huenda kwenye vali ili apunguze moto. Uamuzi huo unaonekana wa busara, kwa kuwa moto mdogo unatarajiwa kuleta joto dogo, lakini katika kazi yetu mara nyingi ndio unaozidisha tatizo. Nimeliona jambo hili kwa mafundi kadhaa hapa Bagamoyo, na ninaliandikia kwa kirefu kwa sababu vichomeo vya kazi hii ni ghali, vipuri vyake si rahisi kuvipata madukani kwetu, na madhara yake yanaweza kumfikia mtu, si chombo peke yake.

Ulimi wa moto hautulii mahali kwa bahati. Mchanganyiko wa gesi unatoka kwenye kitundu ukienda mbele kwa kasi fulani, na moto unauchoma mchanganyiko huo huku ukirudi nyuma kwa kasi yake; pale kasi hizo mbili zinapolingana ndipo ulimi unaposimama. Propeni, mojawapo ya gesi zilizomo katika mitungi ya kupikia, ikiungua katika hewa ya kawaida, moto hurudi nyuma kwa takriban sentimita 40 kwa sekunde. Ikiungua pamoja na oksijeni safi, kasi hiyo inapita mita 3 kwa sekunde, na joto la ulimi linapanda kutoka karibu nyuzi 1,980 hadi karibu nyuzi 2,800 za Selsiasi. Anayetumia oksijeni, basi, anashika moto wenye nguvu kubwa ya kurudi, na kinachouzuia usikalie mdomo wa kichomeo ni msukumo wa gesi inayotoka. Ukipunguza gesi unapunguza msukumo, ulimi unasogea hadi kwenye metali, na joto ambalo lingekwenda kwenye kioo linaingia kwenye kichomeo. Mafundi wa Venice, ambao shanga zao zilipita katika mji huu karne ya 19 zikielekea bara na misafara, walitumia taa za mafuta na mivukuto: pumzi ya mvukuto ndiyo iliyoutoa moto kwenye taa na kuupeleka kwenye kioo. Sisi tunafanya jambo lile lile kwa shinikizo la gesi.

Ni lazima kwanza ujue kichomeo chako ni cha aina gani. Kuna vile vinavyochanganya gesi na oksijeni ndani ya mwili wake kabla ya kuzitoa, na kuna vile vinavyozitoa kwa vitundu mbalimbali zikakutana nje ya mdomo. Katika aina ya pili, moto ukisogea nyuma unachoma uso wa mdomo, na hasara yake huja polepole. Katika aina ya kwanza moto unaweza kuingia ndani kabisa. Dalili zake ni mlio wa kupasuka, kisha ulimi kutoweka au kufifia huku kichomeo kikitoa sauti ya kupuliza, na shingo kupata moto kwa sekunde chache. Hapo hakuna la kuchunguza: funga oksijeni mara moja, kisha gesi, na usiwashe tena mpaka chombo kipoe chenyewe na sababu ijulikane. Vizuia moto kurudi vinapaswa kuwepo kwenye njia zote mbili, ya gesi na ya oksijeni, na sioni sababu yoyote ya bei inayotosha kumfanya mtu aviache.

Sababu ninayoikuta zaidi katika mji wetu ni regulata ya jikoni, yaani kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza shinikizo la gesi. Wengi wetu tunatumia gesi ya kupikia, kwa kuwa ndiyo inayopatikana, na gesi hiyo inafaa. Lakini regulata inayouzwa pamoja na jiko imetengenezwa kutoa shinikizo la takriban milibari 30, ilhali vichomeo vingi vya mezani vinavyotumia oksijeni hupendekezwa kupewa gesi yenye milibari kati ya 200 na 350. Kwa shinikizo la jikoni kichomeo kinaweza kuwaka, na hata kuyeyusha kijiti chembamba cha kioo, ila ulimi wake ni mfupi na umekaa juu ya mdomo, na baada ya muda metali inapata moto. Dawa yake ni regulata inayorekebishika, yenye geji, pamoja na mpira wa kupitishia gesi uliotengenezwa kwa ajili ya propeni. Mpira wa jikoni haufai kwa shinikizo hilo, na mpira wa asetilini waliouzoea wachomeleaji huharibiwa na propeni kwa ndani. Zingatia pia kwamba mtungi mdogo wa kilo 6 ukivutwa gesi nyingi kwa muda mrefu hupoa, na shinikizo lake hushuka katikati ya kazi bila wewe kugusa kitu.

Oksijeni nayo ina mambo yake. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, ile inayotumika pia hospitalini, hutoa lita 5 hivi kwa dakika, na kichomeo kikubwa hakishibi kwa kiasi hicho: kinawaka kwa unyonge, na unyonge huo huo ndio unaokipasha moto. Kichomeo kidogo kinachofanya kazi kwa nguvu zake zote hukaa baridi kuliko kikubwa kilichonyimwa. Umeme ukikatika, oksijeni hukatika na moto hugeuka kuwa wa njano wenye masizi. Wengi huendelea kwa dakika kadhaa wakisubiri umeme urudi. Nawasihi wasifanye hivyo, kwa sababu masizi yale huganda kwenye vitundu.

Vitundu vilivyoziba ndivyo vinavyohitaji jicho la fundi kuliko kitu kingine. Washa kichomeo katika chumba chenye kivuli na utazame mdomo kwa upande: kila kitundu kinapaswa kuwa na kimoto chake kidogo cha bluu, vyote kwa urefu mmoja, vikiwa vimenyooka. Kimoto kilichopinda au kilicho kifupi kuliko wenzake kinaonyesha kitundu chenye masizi au chembe ya kioo iliyoruka kutoka kwenye kijiti kilichoingizwa motoni kwa haraka. Kimoto kilichopinda humlamba jirani yake na kuupasha mdomo upande mmoja. Usafi hufanyika kichomeo kikiwa baridi na gesi imefungwa, kwa waya laini mwembamba kuliko kitundu, ukiuingiza na kuutoa ukiwa umenyooka bila kuuzungusha. Msumari na sindano ya kushonea hupanua kitundu, na kitundu kilichopanuka hupunguza kasi ya gesi, kwa hiyo usafi wa namna hiyo unaleta ugonjwa ule ule uliokusudiwa kuutibu. Mafuta ya aina yoyote yasiguse viungo vya oksijeni, hata pale hewa yetu ya chumvi inapofanya vali ziwe ngumu kuzungusha, kwa maana mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo huweza kuwaka yenyewe.

Upepo wa baharini unahitaji kufikiriwa mapema, unapopanga meza. Ukipuliza kutoka mbele, unaurudisha ulimi kwenye mdomo. Ukipuliza kutoka ubavuni, unaulaza. Wapo wanaofunga madirisha yote ili moto utulie, na matokeo yake ni chumba chenye joto, moshi na hewa chafu ambamo wala mtu wala chombo hakipoi. Ni afadhali kuikalisha meza ili upepo uje kwa nyuma yako, kuweka kizuizi cha bati pembeni, na kufunga feni inayotoa hewa nje juu ya moto. Tanuri la kupoozea shanga polepole, linalokaa kwenye nyuzi 500 hivi, lisiwe ubavu kwa ubavu na kichomeo.

Umbali wa mkono nao una nafasi yake. Shanga kubwa iliyoiva hurudisha joto jingi, na ukiishikilia karibu na mdomo unakuwa unaupasha wewe mwenyewe. Kuanzia upana wa kiganja kwenda mbele ni mahali pazuri, tena ni salama kwa rangi: buluu ya maji yenye shaba, ikikaa karibu mno ambapo oksijeni haijatosha, hutoka na madoa mekundu.

Kichomeo kilichokwisha kupata moto kisimwagiwe maji, kwa sababu maungio yake yaliyochomelewa kwa fedha hupasuka na mdomo hupinda. Kiache kipoe, kisha paka maji ya sabuni kwenye vali na viungo huku gesi ikiwa wazi na hakuna moto karibu, maana pete ndogo za mpira zilizo ndani ya vali ndizo hufa kwanza kwa joto. Povu likitokea, badilisha pete hizo kabla ya kuwasha. Mdomo ukiwa umeyeyuka kingo au umepinda, hakuna fundi wa mtaani atakayeurudisha katika vipimo vyake. Uondoe, na mwili wa kichomeo uutunze mpaka mdomo mwingine upatikane.